KWA NINI INJINI HUTETEMEKA

Wanafunzi wangu wa fizikia huniuliza kwa nini injini ya silinda nne hutetemeka, na ile ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja hutulia ingawa ni kubwa zaidi. Nitaeleza kwa maneno mepesi, ili hata mzazi asiyepata kufungua injini aelewe.

Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapa Tabora baina ya Bagamoyo na Ujiji, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Waliochukua waya wa shaba waliufunga katika ncha mbili za mti. Ili mti utulie begani, uzito ulingane, na umbali kutoka begani ulingane pia.

Sasa tuitazame injini. Kila pistoni ifikapo mwisho wa safari yake husimama na kurudi, na nguvu ya kuirudisha huitikisa injini. Tuchukue pistoni ya nusu kilo na mkono wa kranki wa sentimita 5. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, nguvu hiyo ni kama mizigo miwili ya mpagazi. Kwa mizunguko 3,000, ni minane! Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne.

Katika silinda nne, pistoni ya 1 na ya 4 zikipanda, ya 2 na ya 3 hushuka. Nguvu kubwa hufutana. Lakini kwa kuwa konrodi huinama, pistoni hukimbia zaidi katika nusu ya juu kuliko nusu ya chini. Kwa hiyo hubaki mtikisiko mdogo, mara mbili kwa kila mzunguko. Katika silinda sita ziko jozi tatu, 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4, zikiachana kwa nyuzi 120. Hapo hata mtikisiko ule mdogo hufutika.

Basi, fundi abadilipo pistoni moja, aipime kwanza. Ikizidi wenzake kwa gramu 50 tu, kwa mizunguko 3,000 injini hupigwa kwa nguvu ya kilo 25 isiyo na mpinzani. Bolti hulegea, beringi huliwa, na abiria hulala porini.

Swali: katika silinda tatu zenye nyuzi 120, nguvu hulingana. Je, injini hutulia? Ukumbukeni mti wa mpagazi.