Kidole Gumba Jana, Mboni ya Jicho Leo

SOMO LA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

Lengo la somo: Baada ya kusoma na kujadiliana, mwanakikundi aweze kueleza data zake ni nini, aulize maswali kabla ya kuzitoa, na ajue pa kwenda kama zimechukuliwa vibaya.



Hapa Kajiado tunajua vizuri hadithi ya kidole gumba. Baada ya sheria ya 1968 kuanzisha ranchi za vikundi, ardhi ilishikwa kwa pamoja. Baadaye ranchi zikagawanywa, na ile ya Kitengela iligawanywa mnamo 1988. Kila mwanachama akapata kipande chake na hati yake. Ndipo wanunuzi na madalali wakaja na pesa mkononi. Kuna wazee walioweka kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Pesa zikaisha kwa miezi michache. Ardhi haikurudi, na watoto wao leo wanapita kando ya ua wa mtu mwingine wakionyeshwa: "Hapa palikuwa petu."

Mzee yule hakulazimishwa na mtu. Hakuna aliyemshika mkono. Alikubali mwenyewe. Lakini je, alijua alichokubali? Swali hilo ndilo somo letu, ila safari hii hatuzungumzi juu ya ardhi. Tunazungumza juu ya jicho.

YALIYOTOKEA NAIROBI

Mwezi wa Julai 2023 kampuni ya kigeni ilizindua rasmi mpango ulioitwa wakati huo Worldcoin katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo. Mmoja wa waanzilishi wake ni Sam Altman wa Marekani, yule yule anayeongoza kampuni iliyotengeneza ChatGPT. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unasimama mbele ya chombo cha duara kinachong'aa, kama mpira, nacho kinapiga picha ya mboni za macho yako. Ukimaliza, unapewa sarafu 25 za kidijitali kwenye simu. Wakati ule sarafu hizo zilikuwa na thamani ya kama shilingi 7,000, na mtu aliweza kuzigeuza kuwa pesa za kawaida.

Habari zikaenea haraka. Watu wakajaa katika jumba la KICC jijini Nairobi, foleni juu ya foleni, wengi wao vijana. Kwa jumla Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wamepigwa picha za macho.

Tarehe 2 Agosti 2023 Wizara ya Usalama wa Ndani ikasimamisha shughuli hiyo. Wakati huo ndipo wananchi wakaja kujua kwamba Kamishna wa Data alikuwa ameiandikia kampuni tangu Mei 2023 akiitaka iache kukusanya data hizo. Bunge likaunda kamati maalum, nayo ikatoa ripoti yake Septemba mwaka huo. Mnamo Juni 2024 kampuni ikatangaza kwamba polisi wamefunga uchunguzi wao, na wengi wakadhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Shirika la Katiba Institute lilikuwa limekwenda mahakamani. Tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu akaamua kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria. Akaagiza zifutwe kabisa katika muda wa siku 7, Kamishna wa Data akisimamia.

UBISHI WENYEWE

Jambo hili liliwagawanya watu, hata nyumbani kwetu. Ni vizuri tusikie pande zote mbili kabla ya kuamua.

Wanaounga mkono wanasema: Kompyuta za siku hizi zinaandika, zinajibu na hata kuigiza sauti ya mtu. Karibuni hutajua kama unayeongea naye kwenye simu ni mtu au ni mashine. Mboni ya jicho haifanani kwa watu wawili, kwa hiyo inaweza kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu mmoja, si mashine na si mtu aliyejiandikisha mara kumi. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba picha hugeuzwa kuwa namba maalum, na kwamba hazihitaji kuwekwa. Na zaidi ya hayo, wanasema vijana, maisha ni magumu. Shilingi 7,000 ni kodi ya nyumba. Ni unga, mafuta na kitabu cha shule. Kwani jicho limetoka? Si bado unaona?

Wanaopinga wanasema: Mtu mwenye njaa ukimwonyesha pesa, hasomi karatasi. Wengi waliopanga foleni hawakuweza kueleza data zinapelekwa nchi gani, zitakaa miaka mingapi, na nani mwingine atazipata. Na kama nia ni njema, mbona mtu alipwe?

Mahakama ililitazama hasa jambo hilo la malipo. Iliona kwamba ruhusa iliyovutwa kwa kumwonyesha mtu sarafu si ruhusa ya kweli. Tena kampuni haikufanya inavyotakiwa ile tathmini ya athari ambayo sheria inaidai kabla ya kazi ya hatari kama hiyo.

Ndugu zetu wa hapa wataelewa tathmini hiyo upesi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka mauzo ya shamba yapate idhini ya bodi. Kwa nini, na muuzaji na mnunuzi wamekwisha kupatana? Kwa sababu makubaliano ya watu wawili, mmoja akiwa na shida na mwingine akiwa na pesa, hayatoshi. Lazima mtu wa tatu akae aulize: mke anajua? Watoto watakaa wapi? Tathmini ya data ni kama bodi hiyo. Inauliza kabla, si baada ya kuharibika.

Wala si Kenya peke yake iliyouliza. Uhispania ilisimamisha mpango huo Machi 2024, na Hong Kong ikauzuia Mei 2024.

DATA NI NINI?

Data zako ni habari yoyote inayoweza kukutambulisha: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, picha, mahali unapoishi, ugonjwa unaougua, mkopo unaodaiwa. Kuna zile za mwili wenyewe: alama za vidole, uso, sauti, mboni ya jicho.

Hizi za mwili zina tofauti kubwa na nyingine. Namba yako ya siri ya M-Pesa ikijulikana na mwizi, unaibadilisha leo leo. Laini ya simu ikiharibiwa, unanunua nyingine. Hata kitambulisho kikipotea unapata kingine. Lakini mboni ya jicho utaibadilisha wapi? Uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Ikishatoka mikononi mwako haina namna ya kurudishwa, ila kumwomba aliyenayo aifute na kumwamini akisema amefuta.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Juu ya hiyo tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa ufupi inakupa haki hizi:

1. Kuelezwa data zako zitatumiwa kwa kazi gani.
2. Kuziona data zako zilizowekwa na mtu mwingine.
3. Kukataa zisitumiwe.
4. Kusahihishiwa zilizokosewa.
5. Kufutiwa zile za uongo au za kupotosha.

Ruhusa uliyotoa unaweza kuiondoa wakati wowote. Na data za mtoto hazichukuliwi bila ruhusa ya mzazi au mlezi.

Sheria hii ina meno. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitangaza faini kwa watu watatu. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Kampuni ya mikopo ya simu ilitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu iliyozipata kwa wengine, ikawasumbua kwa ujumbe na simu. Kilabu kimoja kikatozwa 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja asiyekubali.

Mwenye malalamiko anaweza kuyapeleka kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, kwa mdomo au kwa maandishi. Kamishna anatakiwa amalize uchunguzi katika siku 90.

TUJIANGALIE NA SISI

Ni rahisi kunyooshea kidole kampuni ya ng'ambo. Lakini tuulize: daftari la chama chetu liko wapi sasa hivi? Lina majina, namba za vitambulisho na namba za simu za kina mama thelathini. Limelala juu ya meza ya nani?

Tunapogawa chakula wakati wa ukame, tunaandika orodha ya wajane na wagonjwa. Mara nyingine tunapiga picha mama akipokea mfuko wa unga, tukaituma kwa wafadhili. Je, tulimwuliza? Na kama tulimwuliza akiwa amesimama kwenye foleni, mfuko uko mbele yake na watoto wana njaa, angeweza kweli kusema hapana? Hapo hatuna tofauti kubwa na wale wa chombo cha duara. Msaada usiwe bei ya picha ya mtu.

IGIZO FUPI (wawili wasome mbele ya kikundi)

KIJANA: Mama, kuna watu wako pale stendi. Wanapiga picha ya uso na kitambulisho, wanakupa mia tano papo hapo. Twende.

MAMA: Mia tano ya nini, mwanangu?

KIJANA: Ya bure tu. Hawachukui kitu.

MAMA: Kama hawachukui kitu, wanalipia nini?

KIJANA: Ah, mama! Ni picha tu. Si nimepiga picha nyingi?

MAMA: Hizo ulipiga ukampa rafiki. Hawa wanaitwa nani? Ofisi yao iko wapi?

KIJANA: Sikuuliza.

MAMA: Babu yako pia hakuuliza. Alipewa pesa na soda, akaweka kidole. Ile ploti yenye ghorofa unayopita ukienda dukani ilikuwa zizi la ng'ombe wake.

KIJANA: Sasa mama, mia tano tuiache hivi hivi, na leo hatuna mboga?

MAMA: Sijasema tuiache. Nimesema nenda kwanza uulize. Wakijibu vizuri, tutakaa tuamue. Wakikasirika kwa kuulizwa, umepata jibu.

MASWALI MANNE KABLA YA KUKUBALI

Mtu akitaka picha, kidole, jicho au kitambulisho chako, iwe kwa malipo au bure, muulize:

1. Wewe ni nani, na umeandikishwa kwa Kamishna wa Data?
2. Unataka hii kwa kazi gani, na utaiweka muda gani?
3. Nani mwingine ataipata?
4. Nikibadilisha nia kesho, nitakwenda wapi ili ifutwe?

Kama anasema "weka sahihi kwanza, tutakuelezea baadaye", rudi nyumbani. Mwenye haraka na kidole chako ana sababu yake.

KAZI YA KIKUNDI

(a) Je, mtu maskini anaweza kukubali kwa hiari kitu anacholipwa? Wagawanyike pande mbili, kila upande utetee hoja yake kwa dakika kumi. Tusiwacheke waliokwenda KICC. Wengi wetu tungekwenda.

(b) Tajeni mahali pote mlipoacha namba ya kitambulisho mwezi huu: kwa wakala, kwenye kitabu cha mlangoni, hospitali, shuleni. Ni wapi mlielezwa sababu?

(c) Kila kikundi kiamue nani atashika daftari, litafungiwa wapi, na kurasa za zamani zitaharibiwa lini. Uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

(d) Mwenye kuwa na simu yenye programu za mikopo azifungue pamoja na kijana anayeaminika, waone kama zimeruhusiwa kusoma namba za marafiki zake. Zisizohitajika ziondolewe.

KWA KUMALIZIA

Hatusemi teknolojia ni mbaya. Tangu M-Pesa ilipoanza Machi 2007, mama wa Ngong anapokea pesa kutoka kwa mwanawe aliye Mombasa bila kupanda basi. Hiyo ni baraka, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Tunachosema ni kwamba kitu kipya kikija mlangoni, kikaribishwe kama mgeni: aketi, aseme jina lake na ametoka wapi, ndipo apewe chai.

Wazee wetu wengi hawakuwa na mtu wa kuwasomea karatasi. Sisi tuna sheria, tuna mahakama, na tuna watoto waliosoma. Tukiweka kidole bila kuuliza, hatutakuwa na la kuwaambia wajukuu.