Presha ya Maji na Moto wa Mji wa Kale

Wahenga walinena: tahadhari kabla ya hatari. Makala haya yanaeleza kwa nini nyumba yaweza kuwa na tangi lililojaa pomoni na bado ikateketea.

Vichochoro vya Kibokoni na Kuze ni vyembamba, nyumba zimebanana, na nyingi za kale zina dari za boriti za mikoko. Gari la zimamoto halipiti humo. Husimama barabarani, mpira ukavutwa hadi ndani. Maji ya mfereji nayo mara nyingi huja kwa zamu. Basi jengo lafaa liwe na kinga yake: tangi, pampu na vinyunyizio vya dari. Kinyunyizio kina kichupa cha kioo ambacho aghalabu hupasuka kikifika joto la nyuzi 68, maji yakamwagika papo hapo.

Kanuni ya kwanza ni kimo. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya baa 1 hivi. Upana wa tangi si hoja.

Kanuni ya pili ni msuguano. Maji yakitembea ndani ya paipu hupoteza presha. Ukitaka maji mara mbili kwa dakika, hasara huwa karibu mara 4. Ukipunguza upana wa paipu kwa nusu, maji yakiwa yale yale, hasara huwa karibu mara 32! Ndiyo maana presha ya mfereji uliofungwa hudanganya. Ipime maji yakitoka.

Mfano: Tuseme kinyunyizio cha orofa ya juu kiko mita 2 chini ya maji ya tangi. Kinapata baa 0.2, nacho chataka 0.5. Paipu nayo inakula baa 0.4. Pampu itoe:

0.5 − 0.2 + 0.4 = baa 0.7

Lakini kuzidisha nako ni balaa: paipu hupasuka, na mpira humponyoka anayeushika. Tena stima hukatwa moto unapozuka, kwa hivyo pampu ya dizeli ya akiba ni muhimu.

Zoezi: Tangi likiinuliwa mita 3 zaidi, pampu itoe baa ngapi? Mpelekee jibu mwalimu wa fizikia. Ukipata 0.4, muulize vilevile: tangi la shule yetu liko juu mita ngapi?