Kubadili Breki za Ngoma Kuwa za Diski: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Somo hili linamhusu mlaji mwenye gari la zamani anayekusudia kubadili breki zake. Tuchukue mfano wa Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985 ikiwa na breki za ngoma katika magurudumu yote 4. Dereva anayeliteremsha gari hilo na mzigo wa ndizi au kahawa kutoka vilima vya Nyabiyonza, wilayani Karagwe, anaweza kukanyaga breki kwa nguvu zote na gari lisipunguze mwendo ipasavyo.

Chanzo cha tatizo

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Gari la tani 2 likiteremka kimo cha mita 200 kwa kutegemea breki pekee, joto linalozalishwa ni takriban mara 14 ya lile la kulisimamisha kutoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa kwenye tambarare. Ngoma hulifungia joto hilo ndani. Hutanuka, hujitenga na viatu vya breki, na msuguano hupungua. Diski iko wazi, hivyo hupozwa na upepo na hukauka upesi baada ya kupita majini. Land Rover One Ten ya mwaka 1983 ilitoka kiwandani ikiwa na diski mbele.

Diski peke yake hazitoshi

Mlaji akiuziwa diski na kalipa tu, amenunua nusu ya kazi. Aulize pia kuhusu mambo haya:

1. Busta. Ngoma inapozunguka husaidia kuvuta kiatu cha breki. Diski haina msaada huo. Bila busta, dereva hulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi.

2. Masta silinda. Ikiwa ndogo kuliko mahitaji ya kalipa, pedeli huzama. Baadhi ya masta silinda za ngoma zina vali inayobakiza shinikizo. Isipoondolewa upande wa diski, pedi hazitaachia na zitaungua.

3. Uwiano wa mbele na nyuma. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kwanza, gari huweza kugeuka ghafla barabarani.

4. Rimu. Kalipa isiguse rimu gurudumu linapozunguka.

5. Breki ya mkono. Katika Series III hufanya kazi nyuma ya giaboksi, hivyo haiguswi na badiliko hili. Katika magari ambayo breki hiyo hutumia ngoma za nyuma, kuziondoa bila mbadala ni kuliacha gari bila breki ya kuegeshea.

Kabla ya kulipa

Kwanza, mtake fundi akague breki zilizopo: unene wa viatu, uvujaji, marekebisho ya ngoma na hali ya mafuta ya breki. Huenda gari linahitaji matengenezo tu, kwa gharama ndogo zaidi.

Pili, andikianeni makubaliano yanayotaja kila kipuri, kama ni kipya au kilichotumika, bei, na muda wa dhamana. Dai risiti ya kielektroniki na urejeshewe vipuri vya zamani.

Tatu, jaribuni gari likiwa tupu kwenye tambarare, kisha likiwa na mzigo. Usikubali jaribio la kwanza lifanyike mteremkoni. Iarifu pia kampuni yako ya bima kuhusu badiliko hilo.

Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Ukiuziwa kipuri bandia, acha kukitumia, kihifadhi pamoja na kifungashio na risiti, kisha wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani.

Hata baada ya kufunga diski, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, ili injini ibebe sehemu ya kazi. Hakuna breki isiyochemka.