Mafunzo Niliyopata kwa Kupigwa na Masteringi wa Sri Lanka

1. Ngumi hutengenezwa na anayepigwa

Mzee aliyetufundisha mapigano alimweka mpiga picha nyuma ya bega la steringi, mimi nikitazamana na kamera. Ngumi ikapita hewani, upana wa kiganja kutoka shavuni. Kamera haikuliona pengo lile, iliona kichwa changu tu. Ukigeuza kichwa mapema ukumbi unacheka, ukichelewa ngumi inakuwa ya uongo. Mlio wake hutiwa baadaye studio. Sikutarajia kabisa kwamba nguvu za steringi zingekaa shingoni mwangu. Wewe unayetaka kuwa adui wa filamu, anza kwa kujifunza kuanguka.

2. Woga wa kijana wako ni habari, usiupuuze

Nilipokuwa mwelekezi wa mapigano, kijana mmoja alipanda paa ili aruke. Maboksi matupu tulikuwa tumeyapanga chini, magodoro juu yake, na nilikuwa nimeyakagua kwa mikono yangu. Akasema yuko tayari, lakini magoti yalikuwa yakimtetemeka. Mwenye fedha za filamu akatazama saa. Ukanda wa filamu ulikuwa ghali na jua lilikuwa linashuka.

Nikamshusha. Tukampiga picha akiwa ukingoni, halafu nyingine akigaagaa chini kwenye vumbi, na mhariri akaziunganisha. Ukumbini watu walipiga mayowe! Nilikaa kati yao nikistaajabu, maana hakuna aliyeruka. Tangu siku hiyo kila kijana wangu ana haki ya kukataa, tena bila kueleza sababu. Mtayarishaji akinuna, aninunie mimi.

3. Adui hahitaji kupaza sauti

Mwaka 1971 D. B. Nihalsinghe alitoa *Welikathara*, filamu ya kwanza ya Kisinhala ya skrini pana ya SinemaSkopu. Gamini Fonseka aliigiza ofisa wa polisi. Mkuu wa wahalifu, Goring Mudalali, alikuwa Joe Abeywickrama, mtu tuliyemzoea kwa vichekesho. Mimi niliyekunja uso miaka yote nilimwona akitisha kwa utulivu wake. Mtazame kabla hujanunua ndevu za bandia.

4. Mapigano ya kweli hayana mwelekezi

Julai 1983, katika ghasia dhidi ya Watamili, studio ya Vijaya kule Hendala ilichomwa moto. Mwenyewe, K. Gunaratnam, alikuwa Mtamili, na alikuwa ametayarisha filamu nyingi za Kisinhala. Kadhalika, filamu ya kwanza ya lugha yetu ya Kisinhala, *Kadawunu Poronduwa* ya 1947, ilitayarishwa na Mtamili, S. M. Nayagam. Sinema inayoitwa yetu tuliijenga pamoja nao, na mimi nimekula mkate wake.

Nilikuwa nimezoea kupanga umati wenye marungu na mienge, kila mtu akijua pa kusimama. Baada ya mwezi ule, nikiletewa tukio la umati, namwuliza mwongozaji: wanaoshambuliwa wana majina katika hadithi? Tutawaona nyuso? Wanasema lolote kabla ya kukimbia? Kama wamewekwa pale ili waungue tu, narudisha karatasi zake na malipo ya awali, hata kama nyumbani hakuna mchele.