Programu ya Kurekodi Muziki Nyumbani: Uchaguzi Halali na Hatari ya Kraki

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wananchi wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa

1. Sababu ya kijitabu hiki

Kurekodi muziki nyumbani, yaani kunasa na kutengeneza nyimbo kwa kompyuta au simu bila kukodi studio, kumewafikia vijana wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro, kwaya za makanisa, vikundi vya ngoma na wapigaji wa enanga, kiasi kwamba safari ya Bukoba au Mwanza kwa ajili ya wimbo mmoja si ya lazima tena. Manufaa hayo yameambatana na malalamiko yanayofanana: kompyuta imeingiwa na virusi, nyimbo za miezi kadhaa hazifunguki, akaunti ya kusambazia nyimbo imetekwa, na aliyeweka programu hapokei simu. Mara nyingi mzizi wa malalamiko hayo ni mmoja, nao ni programu ya kraki, yaani iliyovunjwa kufuli yake ya leseni.

Kijitabu hiki kinaeleza namna ya kuchagua programu inayofaa kazi, kompyuta na mfuko wa mtumiaji, lakini kabla ya yote kinatoa onyo ambalo msomaji atalikuta likirudiwa kila baada ya kurasa chache, kwa kuwa imedhihirika kwamba onyo likitolewa mara moja husomwa, hukubaliwa na hupuuzwa.

2. Programu ya kurekodi ni nini

Programu ya kurekodi ni ile inayoigeuza kompyuta kuwa studio. Hupokea sauti kutoka kwenye maikrofoni, huipanga katika treki, yaani njia zinazojitegemea ambazo kila moja hubeba sauti yake, na humwezesha prodyuza kukata, kupanga na kumiksi, maana yake kusawazisha sauti hizo ili isiwepo inayoifunika nyingine, hadi utoke wimbo mmoja uliokamilika. Faili linalohifadhi mpangilio wa treki zote huitwa projekti. Wimbo uliokamilika ukipotea huenda ukapatikana kwa mtu aliyerushiwa kwenye simu, lakini projekti ikipotea hakuna awezaye tena kupunguza ngoma, kurekebisha sauti ya pili au kubadili ubeti, na kazi hulazimika kuanza upya.

Programu hizi hazikuzaliwa kwa lengo moja. Cubase ilitolewa mwaka 1989 na kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ikiwa chombo cha kupanga midi, yaani maagizo ya noti ambayo yenyewe hayana sauti mpaka yapewe ala ya kidijiti. FL Studio ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji ilianza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ikiwa chombo cha kujenga biti, yaani mdundo wa wimbo, na hadi leo ndiyo inayotajwa kwanza na vijana wengi wanaotaka kufanya Bongo Fleva. Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka 2000, ilikusudiwa kurekodi na kuhariri sauti halisi. Asili hizo zina maana kubwa katika uchaguzi, kama Sehemu ya 5 inavyoonyesha.

3. Hatari kuu: programu za kraki

Kraki ni programu ya kulipia ambayo kufuli yake ya leseni imevunjwa na mtu asiyejulikana, kisha ikasambazwa bure au kwa ada ndogo kupitia flashi inayopita mkono kwa mkono, vibanda vya kurushia nyimbo au makundi ya mitandao ya kijamii. Mtumiaji huamini kwamba amepata kitu kilekile kwa bei nafuu, ilhali aliyeivunja kufuli hakufanya kazi hiyo kwa huruma, na mara nyingi malipo yake yamo ndani ya faili lenyewe.

Dalili iliyo wazi kuliko zote huonekana kabla hata ya programu kufunguka. Ndani ya kifurushi cha kraki mara nyingi huwamo faili dogo la maandishi lenye maelekezo, na agizo lake la kwanza humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi ya kompyuta kabla ya kuendelea. Mwananchi anapaswa kujiuliza kwa nini programu ya muziki ihitaji mlinzi aondoke langoni ndipo iingie. Programu halali haitoi sharti la namna hiyo, na anayelitekeleza amefungua mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Kinachoingia kwa mlango huo ni cha aina kuu mbili. Aina ya kwanza ni virusi vya kudai fidia, ambavyo hufunga faili kwa msimbo zisifunguke mpaka mwenyewe alipe. Familia moja ya virusi hivyo, inayojulikana kwa majina ya STOP na Djvu, imeenea duniani tangu mwaka 2018 hasa kupitia kraki, na ujumbe wake umezoeleka: hudai dola 980 za Marekani, na hupunguza hadi dola 490 kwa anayewasiliana ndani ya saa 72. Kulipa hakumhakikishii mtu kurudishiwa kazi yake. Aidha, flashi au diski ya nje iliyoachwa imechomekwa kwenye kompyuta wakati huo hufungwa pamoja nayo, hivyo aliyedhani ana nakala hujikuta hana.

Aina ya pili ni virusi vya wizi wa nywila, ambavyo havionyeshi dalili yoyote. Husoma nywila zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta na kuzituma kwa mhalifu, na msanii hutambua siku anapokuta chaneli yake ya nyimbo ina jina jingine na baruapepe yake haimtambui.

Zaidi ya hasara hizo, jambo lenyewe ni kosa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa pia uvunjaji wa haki za ubunifu unaofanywa kwa mfumo wa kompyuta. Msanii anayedai wimbo wake usipigwe bila malipo, huku akiurekodi kwa programu iliyoibwa, anadhoofisha dai lake mbele ya sheria hiyohiyo anayoikimbilia.

Utetezi unaosikika zaidi ni kwamba maprodyuza wenye majina makubwa wa Dar es Salaam nao walianza kwa kraki. Utetezi huo haubadilishi chochote, kwa sababu virusi havichagui kati ya mwenye jina na asiye na jina, na kwa sababu miaka ambayo njia halali zilikuwa ghali na chache imepita.

ONYO: Programu yoyote inayotaka kinga ya virusi izimwe isiwekwe. Iliyokwisha kuwekwa iondolewe, kompyuta isafishwe na fundi anayeaminika, na nywila zote zibadilishwe kwa kutumia kifaa kingine.

4. Programu zinazopatikana kihalali

Audacity ni ya bure kabisa, hufanya kazi kwenye kompyuta dhaifu na hurekodi treki nyingi, ingawa haikuundwa kwa kujenga biti. Ipakuliwe katika tovuti ya watengenezaji wake, audacityteam.org, kwa kuwa zipo tovuti za kuiga.

Reaper, iliyoanza kutolewa mwaka 2005, ni nyepesi mno kiasi kwamba faili lake la kupakua halimalizi bando la kawaida, na hujaribiwa kwa siku 60 ikiwa na uwezo wake wote. Leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, takriban shilingi laki moja na nusu kwa viwango vya miaka ya karibuni, na hutolewa kwa matumizi binafsi au kwa biashara ambayo mapato yake ghafi hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Waathiriwa wa kraki wengi hawakujua kwamba programu ya hadhi ya studio inapatikana kwa bei hiyo.

FL Studio ina toleo la majaribio lisilo na ukomo wa siku, ambalo huruhusu kutengeneza na kutoa wimbo, lakini projekti iliyohifadhiwa haifunguki tena kikamilifu hadi leseni inunuliwe. Anayenunua hupata matoleo yote yajayo bila kulipa tena. Izingatiwe kwamba toleo la bei ya chini, liitwalo Fruity, halirekodi sauti ya maikrofoni katika treki, na anayetaka kurekodi waimbaji hulazimika kuanzia toleo la Producer.

Waveform Free ni ya bure na haina kikomo cha treki. LMMS ni ya bure na hufaa kwa biti, lakini matoleo yake ya kawaida hayarekodi sauti. Kwa mwenye simu pekee, BandLab ni ya bure na hutumika kwenye Android na iPhone, ila huhifadhi kazi kwenye mtandao na hivyo hula bando, wakati GarageBand huja bila malipo kwenye vifaa vya Apple.

5. Kuchagua kulingana na kazi

Swali la kwanza lihusu kinachorekodiwa, na umaarufu wa programu uje baadaye. Mpigaji wa enanga, ala ya jadi ya Kagera yenye nyuzi zilizotandazwa juu ya ubao uliochimbwa mfano wa hori, hahitaji biti yoyote. Huhitaji maikrofoni moja nzuri iliyowekwa karibu na mikono bila kuelekezwa mdomoni, chumba chenye mapazia au magodoro ya kumeza mwangwi, na treki mbili zinazorekodiwa kwa zamu: ya ala na ya sauti. Kwa kazi hiyo Audacity inatosha, na kununua programu ya mamia ya dola ni kupoteza fedha.

Kwaya inahitaji jambo tofauti. Saundi kadi, yaani kifaa kinachounganisha maikrofoni na kompyuta, ikiwa na matundu mawili hurekodi maikrofoni mbili tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kwaya ama hurekodiwa yote kwa maikrofoni mbili, ama sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne huingizwa kwa zamu. Reaper na Waveform Free huihimili kazi hiyo. Msanii wa Bongo Fleva anayejenga biti kwanza kisha akaingiza vokali ndiye anayefaidika zaidi na FL Studio, alimradi ni toleo halali linalorekodi sauti.

Mwimbaji akilalamika kwamba sauti inamfikia kwenye hedifoni ikiwa imechelewa, programu isilaumiwe kwanza. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuichakata, na fungu la sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 512, kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, huchelewesha sauti kwa karibu milisekunde 12, ilhali fungu la sampuli 128 huichelewesha kwa karibu milisekunde 3. Fungu liwe dogo wakati wa kuimba na likuzwe wakati wa kumiksi ili kompyuta isikwame.

6. Umeme, nafasi na nakala

Umeme unaweza kukatika katikati ya ubeti, na unaporudi kwa kishindo huunguza vifaa. Kompyuta mpakato yenye betri nzima ni salama kuliko ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme, na projekti ihifadhiwe kila baada ya sauti moja kuingizwa bila kusubiri wimbo uishe.

Nafasi nayo ikadiriwe mapema. Dakika moja ya treki moja iliyorekodiwa kwa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha data, si mdundo) huchukua karibu megabaiti 8, hivyo wimbo wa kwaya wa dakika 5 wenye treki 8 hufikia takriban megabaiti 318 kabla ya kuhesabu marudio. Kila projekti iwe na nakala 3, katika vyombo vya aina 2 tofauti, na nakala 1 kati ya hizo ikae nje ya nyumba ya kurekodia, kwa mfano kwa katibu wa kwaya. Diski ya nakala ichomolewe mara tu kazi ya kunakili inapokamilika, kwa sababu iliyoelezwa katika Sehemu ya 3. Makabidhiano ya projekti kati ya prodyuza na msanii yaandikwe na kusainiwa kabla ya malipo ya mwisho.

ONYO: Nakala zilizotengenezwa kwenye kompyuta yenye kraki zisihesabiwe kuwa nakala salama.

7. Mikopo na usajili

Vikundi vinaweza kuomba mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na wasanii wanaweza pia kuulizia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Masharti ya umri, usajili wa kikundi, mchanganuo wa biashara na marejesho yapo kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata na ofisa utamaduni wa wilaya, na mwombaji ayasome mwenyewe. Usajili wa nyimbo hufanywa katika ofisi ya hakimiliki, COSOTA, nao husaidia ushahidi pale mgogoro wa umiliki unapotokea.

8. Tamko la mwisho

Kwa kijitabu hiki, ambacho kimeandaliwa kwa lugha nyepesi na kutolewa bila malipo, wajibu wa kuelimisha umetimizwa kikamilifu. Imeonyeshwa kwamba zipo programu za bure zinazotosha, ipo ya dola 60 inayozidi mahitaji ya wengi, na lipo toleo la majaribio kwa asiye tayari kununua, kwa hiyo kisingizio cha umaskini hakikubaliki tena. Atakayefika ofisi ya wilaya akidai msaada wa kufungua nyimbo zilizofungwa na virusi ataulizwa kwanza stakabadhi au chanzo cha programu yake, na asiyekuwa nacho ataelekezwa kurudia Sehemu ya 3, maana hakuna ofisa wa wilaya mwenye ufunguo wa faili alizozifunga mhalifu.