Kura Yangu Ilihesabiwa na Nani?

Uchaguzi uliopita nilikuwa wakala wa mgombea aliyeshindwa kwa kura 19. Tulipiga kura kwa simu. Usiku, nikaomba tuone programu inavyohesabu. Nikajibiwa kwamba hiyo ni siri ya kampuni iliyoitengeneza. Sina ushahidi wa wizi hadi leo. Ila kilichoniuma ni kwamba hata aliyeshinda hakuwa na ushahidi kwamba ameshinda.

Nikarudi hosteli nikiapa kuwa dawa ni programu huria, yaani msimbo uwe wazi, anayetaka asome. Mbona Estonia, ambako watu hupiga kura kwa intaneti tangu 2005, waliuweka wazi msimbo wa seva zao mwaka 2013? Jamaa yangu anayesoma kompyuta akacheka. "Sawa, umeusoma. Utajuaje kwamba ndio huohuo unaoendeshwa kwenye seva usiku wa kura?" Nikanyamaza. Kweli, mama ntilie anaweza kubandika mapishi ukutani, jikoni akapika kingine.

Ndipo akanionyesha Helios, programu huria iliyotolewa na Ben Adida mwaka 2008. Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, kiliitumia 2009 kumchagua mkuu wake. Helios haikuombi uiamini seva. Kura inafungwa kwa hesabu za siri ukiwa bado kwenye kompyuta yako, kisha unapewa namba ya kuifuatilia. Una shaka kwamba mashine imeandika jina lingine? Kabla ya kuituma, unailazimisha ifungue kura hiyo uikague. Ikishafunguliwa imeharibika, unapiga upya. Mashine haijui ni ipi utakayoikagua, kwa hiyo ikidanganya inajiweka hatarini. Mwishoni kura zote zinajumlishwa zikiwa bado zimefungwa, kinafunguliwa jumla tu, na yeyote anaweza kurudia hesabu.

Lakini kufungua hiyo jumla kunahitaji funguo, na funguo wanatunza binadamu. Mwaka 2025 chama cha kimataifa cha watafiti wa usimbaji, IACR, kilipiga kura kwa Helios. Funguo ziligawanywa kwa watu watatu, na wote walihitajika. Mmoja akapoteza wa kwake. Basi! Wataalamu wa siri dunia nzima wakashindwa kusoma matokeo yao wenyewe, wakarudia uchaguzi, safari hii wawili kati ya watatu wakitosha.

Na kuna jambo ambalo msimbo hauliwezi kabisa: rafiki wa chumbani aliyesimama nyuma yako anaangalia unabonyeza wapi. Adida mwenyewe alisema Helios inafaa vyama na klabu, siyo uchaguzi wenye vitisho. Sisi tuko upande gani? Wakati wa kampeni huwa sina uhakika.

Kanuni za uchaguzi zinapitiwa muhula huu. Nitapendekeza programu huria, funguo tano, watatu wakitosha kufungua. Na wakala wa kila mgombea awe na ufunguo wake.