Jojia: Mbinu za Mlangoni, Njiani na Mlimani

Kabla hujanunua tiketi ya kwenda Tbilisi, maliza kwanza habari ya karatasi. Jojia ni nchi yenye ukarimu mkubwa ukishaketi mezani, lakini mlangoni mambo ni mengine. Ofisa wa uhamiaji ana mamlaka ya kumrudisha mgeni mwenye viza halali, na wasafiri wengi wenye pasipoti za Afrika na Asia wamelalamika kwamba walirudishwa uwanjani bila kuelezwa sababu yoyote ya maana. Siyasemi haya kukutisha. Nayasema kwa sababu aliyejipanga hupita kwa urahisi zaidi, na nchi iliyo ng'ambo ya kile kidirisha inastahili usumbufu wote huo.

Raia wa Tanzania, Kenya na majirani zao wanahitaji viza, na maombi hufanywa mtandaoni au ubalozini. Ila ipo nafuu moja inayowahusu ndugu zetu walioko Ghuba, Ulaya na Amerika. Kwa miaka mingi sasa, mwenye viza au kibali cha ukaazi cha nchi kadhaa, zikiwemo za Umoja wa Ulaya, Uingereza, Marekani, Kanada, Oman na Falme za Kiarabu, amekuwa akiruhusiwa kuingia bila viza na kukaa hadi siku 90 katika kila siku 180. Masharti hayo hurekebishwa mara kwa mara. Yasome kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Jojia wiki ileile unayokata tiketi, wala usitegemee maneno ya rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Kama kibali chako ni cha Ghuba, angalia pia umebaki muda gani kabla hakijaisha, maana hilo nalo hutazamwa.

Kisha chapisha kila kitu kwenye karatasi, kwa Kiingereza: tiketi ya kurudi, nafasi ya hoteli yenye anwani kamili, taarifa ya benki, barua ya mwajiri au chuo, na bima. Tangu Januari 2026 bima ya afya na ajali ni sharti kwa watalii, kwa hiyo hakikisha yako inataja Jojia na tarehe zote za safari. Simu huweza kuzima na mtandao kugoma. Karatasi haizimi. Ukiulizwa unakwenda wapi, taja miji na siku. Jibu la "natembea tu" halimsaidii mtu aliyesimama mbele ya kidirisha hicho.

Ndege nyingi zinazopitia Doha, Dubai au Istanbul hutua Tbilisi usiku wa manane au alfajiri. Saa za huko zimetangulia za Afrika Mashariki kwa saa moja tu, kwa hiyo mwili hautasumbuka sana, lakini chumba cha usiku huo kilipie kabisa. Nje ya uwanja utakutana na madereva wa teksi wanaotaja bei ya kubahatisha. Waache, fungua Bolt, programu ileile inayotumika Dar es Salaam na Nairobi. Mchana kuna basi namba 337 linaloingia mjini. Fedha ya huko ni lari, na shilingi zako hakuna wa kuzibadilisha, kwa hiyo beba dola au euro na kadi ya benki. Mijini kadi hupokelewa karibu kila mahali. Vijijini tembea na noti ndogondogo. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti, na kwa anayekwenda milimani kampuni ya Magti ndiyo inayosifiwa zaidi. Soketi zao ni za matundu mawili ya duara, hivyo chaja yetu ya miguu mitatu ya bapa inahitaji adapta. Nunua moja kabla ya kuondoka nyumbani.

Sasa nije kwenye kosa ambalo wageni wengi hulifanya. Wanaangalia ramani, wanaona nchi yenye kilomita za mraba zipatazo 69,700, ndogo mara kumi na zaidi kuliko Tanzania, na wanajipangia kuona kila kitu ndani ya wiki moja. Ramani haionyeshi milima. Kutoka Tbilisi hadi Mestia, katika eneo la Svaneti, barabara hula kutwa nzima. Njia ya kwenda eneo la Tusheti hupanda hadi kwenye mwanya wa Abano, ulio juu ya mita 2,800, na hupitika miezi ya kiangazi tu. Ukiwa na wiki moja, shauri langu ni hili: Tbilisi na sehemu moja ya milimani, basi. Ukiwa na mbili, ongeza Kakheti yenye mashamba ya mizabibu, au Batumi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Batumi penyewe hunyesha sana, tena mvua kubwa, kwa hiyo usiiwekee matumaini yako yote ya ufukwe.

Miezi mizuri ni Mei, Juni, Septemba na mwanzo wa Oktoba. Julai na Agosti Tbilisi huwaka joto la kuchosha, ingawa ndiyo miezi ambayo njia za juu milimani ziko wazi zaidi. Wakati wa baridi theluji na maporomoko yake huweza kuifunga hata barabara kuu iendayo kaskazini.

Ndani ya Tbilisi, metro ndiyo suluhisho. Ina njia mbili, imekuwa ikifanya kazi tangu 1966, nauli ni ndogo, na majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi za Kilatini. Nje ya mji utategemea marshrutka, mabasi madogo yanayoendeshwa kwa desturi ambayo aliyezoea daladala au matatu ataielewa mara moja: huondoka yakijaa, dereva husimama ukimwambia, na anayefika mapema hupata kiti cha dirishani. Tofauti ni kibao. Mara nyingi kimeandikwa kwa herufi za Kijojia peke yake, herufi 33 zisizofanana na za Kilatini wala za Kirusi. Piga picha ya jina la mji wako katika maandishi hayo, umwonyeshe dereva. Stendi ya Didube huhudumia magari ya kaskazini na magharibi, na mengi ya Kakheti huanzia upande wa Samgori na Isani. Kwa Batumi panda treni, inayochukua saa zipatazo tano, na wakati wa kiangazi kata tiketi siku kadhaa mapema.

Kama utachagua sehemu moja tu ya milimani, chagua Stepantsminda, ambayo wengi bado huiita Kazbegi. Iko kilomita zipatazo 150 kutoka Tbilisi. Usiende kwa marshrutka isipokuwa fedha zimebana kweli. Pale Didube kuna teksi za kuchangia ambazo kwa nyongeza kidogo husimama kwenye ngome ya Ananuri na kwenye kilele cha njia, mita karibu 2,400. Marshrutka hupita sehemu hizo moja kwa moja, nawe unabaki kuzitazama kupitia kioo chenye vumbi. Kubaliana na dereva bei na vituo vyote kabla ya kufunga mlango. Barabara hiyo ndiyo pia njia ya malori yaendayo mpaka wa Urusi, na foleni yake huweza kukuchelewesha kwa saa nyingi. Siku ya kurudi usiipange iwe siku ya ndege yako.

Lala Stepantsminda usiku mmoja angalau, bora miwili. Wanaokwenda asubuhi na kurudi jioni hufika mchana, wakati ambao mawingu mara nyingi yameshaufunika mlima Kazbek. Anayelala huko huamka alfajiri, huona barafu yote ikiwa wazi, kisha hupanda kwa miguu hadi kanisa la Gergeti, mita 2,170, kabla magari ya watalii hayajafika. Kupanda huko kunachukua saa moja hadi moja na nusu kwa mtu wa kawaida. Kazbek wenyewe ni habari nyingine. Una mita zaidi kidogo ya 5,000, mfupi kuliko Kilimanjaro, na asiwepo anayeudharau kwa sababu hiyo: juu kuna barafu yenye nyufa, na hupandwa kwa kamba, vyuma vya viatuni na kiongozi mwenye ujuzi.

Huko milimani jihadhari na mbwa wa wachungaji kuliko kitu kingine chochote. Ni wakubwa, na kazi yao ni kukizuia chochote kinachowakaribia kondoo. Zunguka mbali na kundi, usikimbie, na mchungaji akiwapo mwite kwa sauti. Mbwa wa mitaani Tbilisi ni tofauti: wengi wana hereni sikioni kuonyesha kwamba wamechanjwa, nao ni wapole.

Chakula kinastahili nafasi yake. Khachapuri ni mkate wa jibini, na ule wa eneo la Ajara huletwa ukiwa na yai na siagi juu, unaotosha watu wawili. Khinkali, vifuko vya unga vyenye nyama na mchuzi ndani, huliwa kwa mkono: shika kifundo cha juu, ng'ata kidogo pembeni, nyonya mchuzi kwanza, kifundo ukiache kwenye sahani. Mwislamu ajue kwamba nyama ya khinkali mara nyingi ni mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe. Neno la kuuliza ni "ghori", nguruwe. Agiza zenye uyoga, viazi au jibini. Lobio, maharage ya kupikwa chunguni, na biringanya zenye kokwa za walnati ni salama na tamu, na wakati wa mifungo ya Waorthodoksi mikahawa mingi huwa na vyakula visivyo na nyama wala maziwa. Nyama ya halali itafute katika mikahawa ya Kituruki na Kiazerbaijani. Tbilisi ina msikiti wa Ijumaa katika mtaa wa kale, ambamo Sunni na Shia husali pamoja, na Batumi kuna msikiti wa Orta Jame wa karne ya 19.

Ukialikwa kwenye supra, karamu yao, mwongoza meza atasema salamu nyingi za heri, na kila moja hufuatwa na divai. Usiyekunywa sema mapema, kisha inua glasi ya maji ya matunda pamoja na wenzako. Unayekunywa, iogope chacha, pombe kali ya zabibu. Na Tbilisi, mtu usiyemjua akikukaribisha baa usiku, kataa: bili za kutisha ndizo biashara ya baadhi ya baa hizo.

Mwanamke abebe kanga mbili. Makanisani hutakiwa kufunika kichwa na kuvaa sketi, na doti moja inatosha vyote viwili. Mwanamume asiingie na kaptula.

Mtu mweusi ataangaliwa, hasa vijijini, na wengine wataomba picha. Mara nyingi ni udadisi tu, na "gamarjoba", salamu yao, huvunja ukimya. Lakini wapo wenye nyumba wanaokataa wageni Waafrika, kwa hiyo chagua malazi yenye maoni ya wageni wengi wa mataifa mbalimbali, na umwandikie mwenyeji kabla ya kulipa.

Usikaribie mipaka ya Abkhazia na Ossetia Kusini, zilizo nje ya udhibiti wa Tbilisi. Kuingia huko kutokea Urusi ni kosa la jinai kwa sheria ya Jojia. Barabara ya Rustaveli, mbele ya Bunge, imekuwa na maandamano tangu mwishoni mwa 2024. Mgeni asijiunge wala asisimame kupiga picha. Anayetaka kuunganisha na Armenia ana barabara na treni ya usiku ya Yerevan. Azerbaijan ilifunga mipaka yake ya nchi kavu kwa abiria mwaka 2020 na kuiacha hivyo kwa miaka, kwa hiyo Baku ipangie ndege.

Kila unapotoka kwenda kutembea milimani, mwachie mwenye nyumba ya wageni jina la njia na saa unayotarajia kurudi. Namba ya dharura kote nchini, kwa polisi, gari la wagonjwa na zimamoto, ni 112.